Jina Lililotiwa kwa Sindano: Uhakiki wa Vitambaa vya Zawadi katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Linapotajwa neno sanaa mbele ya wanafunzi wetu, mara nyingi fikra zao huelekea kwenye kinyago cha Mmakonde, au kwenye picha za mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Ni haki iwe hivyo, kwani kazi hizo zimeliletea taifa letu sifa. Lakini yafaa tujiulize kwa nini kazi hizo zimepata wahakiki, ilhali nyingine zilizomo katika nyumba zetu wenyewe hazijapata. Jibu moja ni kwamba kinyago na picha huuzwa. Kitu kiuzwacho hupangwa mbele ya watu, hulinganishwa na kingine, hutiwa bei, na mnunuzi akikipita mchongaji hujua kwamba kazi yake ina upungufu. Shuka lililodariziwa na mama kwa ajili ya binti yake aolewaye halipiti njia hiyo. Hupokewa kwa vigelegele, hutandikwa kitandani, na hakuna athubutuye kusema kama ni zuri au ni baya. Kwa hiyo husifiwa bila kutazamwa.

Katika insha hii tunakusudia kulitazama shuka hilo pamoja na ndugu zake: foronya, kitambaa cha meza, vitambaa vya kufuma vya kutandika juu ya viti, na shuka dogo la mtoto mchanga. Tutavitazama kama vinavyotengenezwa Mwanza mjini na katika wilaya zinazouzunguka mji huo, tangu Magu na Misungwi hadi Sengerema na kisiwa cha Ukerewe. Hoja yetu ni moja. Kitambaa cha zawadi hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina; basi kipimo cha kwanza cha usanii wake ni jinsi kinavyomfahamu mtu huyo. Jina likishonwa juu ya nakshi ambayo ingemfaa mtu yeyote, huwa ni kibandiko tu. Jina likiwa ndilo lililozaa nakshi, hapo tunaweza kusema kwamba fundi amesanii.

Kabla ya kuhakiki, hatuna budi kukumbuka kwamba kushona si jambo geni katika ziwa hili. Wasafiri wa karne ya 19 waliikuta mitumbwi mikubwa ya Waganda ambayo mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilitobolewa na kushonwa kwa kamba za nyuzi za mimea. Upande wa magharibi, katika Buganda na Bukoba, watu walivaa nguo za magome ya miti. Gome lilipopondwa likapata tundu, fundi alilitia kiraka kwa mishono midogo iliyopangwa kwa uangalifu, hata kiraka chenyewe kikawa sehemu ya uzuri wa nguo. Kazi hiyo ya Uganda ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Kusini zaidi, katika Unyamwezi, watu walisokota pamba na kuifuma kwa vitanda vya mfumi, mpaka nguo za kigeni zilipoishinda kazi yao.

Nguo iliyoshinda iliitwa merikani, na jina lake linatueleza ilikotoka. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Marekani waliileta Unguja, na misafara ikaipeleka bara. Baadaye reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na maduka ya nguo yakaongezeka, na mbele ya maduka hayo mafundi wakaketi na vyerehani vyao. Katika shule za misheni wasichana walifundishwa kazi za sindano. Baada ya uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa mwaka 1962, ulikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowakusanya akina mama kujifunza kushona na kufuma, na somo la sayansi kimu likaiingiza mishono hiyo katika madarasa ya shule za msingi.

Tusisahau kwamba mafunzo ya misheni yalikuwa na shabaha yake. Msichana alifundishwa kudarizi ili awe mke mtulivu wa nyumbani kwa mfano wa nyumba za Ulaya, na waridi alilolichora hakuliona bustanini kwao. Lakini chombo kikishaingia mikononi mwa watu hakibaki mali ya aliyekileta. Wanawake wa mwambao huu waliichukua sindano, wakaiingiza katika shughuli zao za ndoa, uzazi na kuagana, na wakaanza kuandika kwayo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunazungumzia shuka, wakati katika nchi nyingi zawadi ya namna hii ni mfarishi, yaani tandiko nene lililoshonwa kwa matabaka na kujazwa pamba. Neno hilo ni la zamani katika Kiswahili, lakini kitu chenyewe si cha lazima sana Mwanza. Ingawa ziwa liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, usiku wa hapa hauna baridi kali. Kinachohitajika ni kitu chepesi, kinachofulika kwa urahisi na kukauka upesi. Basi juhudi ambayo mahali pengine hutumika katika kuunganisha vipande na matabaka, hapa hutumika juu ya uso mmoja mweupe. Huo ndio umbo la sanaa yetu, na ni vema tuuhakiki kwa masharti yake wenyewe.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kitambaa cheupe hununuliwa kwa mita, hukatwa na kupindwa. Nakshi huchorwa kwa penseli, au hunakiliwa kwa karatasi ya kaboni kutoka katika kielelezo kilichopita mikono mingi. Kisha sehemu ya kitambaa hubanwa kati ya pete mbili za mbao ili isilegee, na sindano huanza kwenda. Mshono wa mnyororo hufaa herufi, kwa sababu hupinda bila kuvunjika. Mshono wa kujaza hufaa majani na maua. Mshono wa msalaba hufaa michoro ya pembe pembe. Fundi mwangalifu hujaribu nyuzi zake kwanza kwa maji, kwani uzi mwekundu unaochuja huweza kuharibu kazi ya miezi katika kufuliwa mara moja. Na anayetaka kumjua fundi hasa, aligeuze shuka. Upande wa nyuma ndio unaosema kweli: kama mafundo ni makubwa, na kama uzi umevutwa kutoka herufi moja hadi nyingine bila kukatwa, kivuli chake kitaonekana mbele juu ya kitambaa cheupe.

Sasa tulichukue shuka la arusi la aina ya kawaida kabisa. Kuna ndege wawili wanaotazamana, chombo cha maua katikati, na chini yake maneno ya kutakia usiku mwema au ya kumkaribisha mgeni. Jambo la kwanza linalopaswa kutazamwa ni mahali maneno hayo yalipowekwa. Hayakuwekwa karibu na kichwa cha alalaye, bali kwenye ukingo unaoning'inia upande wa mlango. Alalaye hawezi kuyasoma. Anayeyasoma ni yule aingiaye. Kwa hiyo shuka hili, ambalo tungedhani ni la siri kuliko vitu vyote vya nyumba, kwa hakika linasema na jamaa: mawifi, mashangazi, na majirani waliokuja kumwona bibi arusi. Mama aliyelishona anazungumza na ukoo mwingine kwa niaba ya binti yake. Anawaambia kwamba mtoto huyu ametoka mahali, na kwamba huko atokako kuna watu.

Huu ni uwezo mkubwa, na ndiyo maana twasikitika unapotumiwa ovyo. Wale ndege wawili na lile chombo la maua vimenakiliwa nyumba kwa nyumba hata havimsemi mtu. Tukilifuta jina pembeni na kuandika jingine, shuka lingemfaa binti wa jirani vilevile. Mbaya zaidi ni maneno ya Kiingereza yaliyonakiliwa herufi kwa herufi na mtu asiyeyafahamu, kwenda kwa mtu asiyeyafahamu. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nasi twaweza kuongeza kwamba neno la kuazima halifikishi salamu.

Mtu ataweza kutujibu kwamba hata kanga huchapwa kwa maelfu, na bado humfikia mtu mmoja kwa nguvu. Jibu hilo ni zito, na yafaa tulipime. Inasimuliwa kwamba kanga ilizaliwa kwa sindano: katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuwa bado zimeungana, wakazikata tatu tatu, wakashona safu mbili pamoja kupata nguo moja ya leso sita. Maneno yaliingia baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20. Ampaye mwenzake kanga hakuyatunga maneno yake, bali ameyachagua, na usanii wake umo katika uchaguzi huo: kanga ipi, kwa nani, siku gani. Lakini mwenye sindano hana kisingizio cha kiwanda. Yeye ndiye mtungaji, mchapaji na mtoaji kwa wakati mmoja. Akichagua kunakili, ameuacha uhuru ambao mnunuzi wa kanga hakuwa nao.

Tutoe mifano ya uhuru huo, na tuitoe katika majina yenyewe, kwa kuwa majina ya Wasukuma yana hazina kubwa ya nakshi. Mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua huweza kuitwa Kabula. Pacha wa kwanza huitwa Kulwa, wa pili Doto, na mtoto awafuataye huitwa Shija. Majina haya ni masimulizi mafupi ya siku ya kuzaliwa. Shuka la mtoto aitwaye Kabula laweza kuanzia kwenye mistari ya mvua ishukayo kutoka pindo moja hadi jingine, na jina likakaa mahali mvua iangukiapo. Mashuka ya Kulwa na Doto yaweza kukatwa katika kipande kimoja cha nguo, na nakshi ikaanzia katika shuka moja na kumalizikia katika la pili, hata ukiyaweka mbalimbali kila moja laonekana limepungukiwa. Na shuka la Shija laweza kuuchukua ukingo wa yale mawili, likauendeleza. Hakuna hata moja kati ya nakshi hizi linalohitaji ustadi usiofahamika. Zinahitaji tu kwamba fundi aliulize jina kabla ya kuichukua karatasi ya kaboni.

Liko pia jambo dogo la tahajia ambalo kwa macho yetu si dogo. Majina mengi ya Kisukuma huanza kwa sauti ya ng', na katika maandishi sauti hiyo huhitaji ritifaa. Jina Ng'washi lisipokuwa na alama hiyo husomeka vingine, kama vile ng'ombe akiandikwa ngombe. Mashine za kudarizi ziongozwazo kwa kompyuta, ambazo leo hutia jina katika shuka kwa dakika chache, zinaweza kuitia alama hiyo zikiamriwa. Lakini mwenye kuziamuru asiyelijua jina huiacha. Mwenye sindano ya mkono hana budi kuiamua: aifanye nukta ya mshono wa kujaza, au mkato mmoja ulioinama? Fundi aliyesita hapo, akatafakari, kisha akaitia alama hiyo mahali pake, amemheshimu mtu. Huenda hiyo ndiyo nukta yenye thamani kuliko maua yote yaliyoizunguka.

Kuna wasemao kwamba kazi iliyofanywa kwa ajili ya mtu mmoja haiwezi kuwa mali ya uhakiki, kwa sababu ni jambo la familia. Fasihi yetu yenyewe inakanusha maneno hayo. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake, kiasi cha mwaka 1858, aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Hakuutunga kwa ajili ya watahiniwa. Hata hivyo utendi huo husomwa madarasani, nao hauachi kuwa wosia wa mama kwa mwanawe kwa sababu sisi tunausoma. Kuwa na msomaji mmoja akilini hakukuupunguza. Ndiko kulikoupa sauti yake. Kama ubeti wa mama kwa bintiye umo katika urithi wetu, kwa nini pindo la mama kwa bintiye liachwe nje?

Tumekwisha kusema kwamba merikani ilitoka ng'ambo. Pamba iliyofumwa katika viwanda vya Marekani ililimwa, katika sehemu kubwa ya karne ya 19, na watumwa Weusi wa majimbo ya kusini. Wazao wa watumwa hao katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama, wamekuwa mafundi wakubwa wa mifarishi ya viraka, iliyoshonwa kwa suruali na mashati yaliyochakaa shambani. Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa huko, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Aliyachukua mavazi ya kazi ya marehemu, akayapasua, akayashona mfarishi ili ajifunike nao na kumkumbuka. Hakuna jina lililoandikwa humo. Viraka vyenyewe, vilivyopauka kwa jua na kufuliwa, ndivyo jina. Mifarishi ya kijiji hicho ilipotundikwa katika makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, wahakiki wengi waliisifu kwa kuilinganisha na picha za wachoraji wa kisasa. Sifa hizo ni njema, lakini kwa maoni yetu hazikufika kwenye kiini. Mfarishi ule si mzuri kwa kuwa unafanana na picha. Ni mzuri kwa kuwa hapana nguo nyingine duniani ambayo ingeweza kushika mahali pake.

Katika jamii zetu nyingi nguo za marehemu hugawiwa jamaa baada ya matanga. Na vipande vibakivyo chini ya cherehani ya fundi, vya vitenge na kanga, mara nyingi huishia ndani ya mto, visionekane tena. Hapo pana malighafi ya sanaa ambayo haigharimu kitu. Kipande cha kitenge cha bibi kikitiwa katika shuka la mjukuu aliyepewa jina lake, na uzi wa kudarizi ukakizunguka, tutakuwa na kazi inayotumia kiraka na sindano kwa lugha moja.

Pamoja na hayo, mhakiki asiwe mpiga vigelegele mwingine. Yako makosa matatu ya kukemewa. La kwanza ni kudhani kwamba wingi wa saa ndio usanii. Shuka lililojaa maua hata pasiwe na mahali pa jicho kupumzika limetoa jasho jingi na fikra chache. La pili ni kuliogopa shuka. Mashuka mengi hukaa masandukuni miaka mingi, yakitolewa siku ya mgeni tu, mpaka mikunjo yake ikageuka rangi. Zawadi isiyotumika ni kama barua isiyofunguliwa. Fundi aliyeshona nyuzi nene mahali pa ubavu wa alalaye, ndiye aliyelifanya shuka lisilalike. La tatu ndilo zito zaidi: kumgeuzia msichana sindano kuwa deni. Pale ambapo bibi arusi hupimwa kwa idadi ya vitambaa alivyokuja navyo, zawadi imekwisha kuwa ushuru, na ushuru hauwezi kumfahamu mtu. Mafundi wa cherehani wa barazani wengi ni wanaume. Hapana sababu ya vidole vya mvulana kukosa kuimudu sindano ya kudarizi.

Tusiseme pia kwamba adui ni kiwanda. Mkoa wa Mwanza uko katika nchi ya pamba, na mbegu zilizochunguzwa Ukiriguru zimelimwa na wakulima wa Usukuma kwa miongo mingi. Kiwanda cha Mwatex, kilichojengwa Mwanza katika miaka ya 1960, kilizaliwa na tumaini kwamba pamba yetu ivaliwe na sisi wenyewe, nalo ni tumaini la heshima. Shida ya mashuka yaliyochapwa ambayo leo yamejaa sokoni haimo katika kuchapwa kwake. Yanafunika mwili vizuri kabisa. Shida huja tunapoyafanya kuwa badala ya neno ambalo mtu mmoja alikuwa na wajibu wa kumwambia mwingine, kisha tukaridhika kwa kuwa jina limebandikwa pembeni.

Walimu wa fasihi na wa sanaa wanaweza kuanza kazi hii bila gharama. Mwanafunzi aombe ruhusa nyumbani alete kitambaa kimoja cha zawadi, au kama mwenyewe hapendi kitoke, akiandikie maelezo. Na ajibu maswali matano. Kitambaa hiki kilifanywa na nani, kwa ajili ya nani, na kwa shughuli gani? Maneno yake yanasomwa na nani, na yamewekwa wapi? Ni nakshi gani imetokana na mpokeaji, na ipi imenakiliwa? Upande wa nyuma unasema nini juu ya mkono uliofanya kazi? Je, kimetumika? Majibu hayo yaandikwe pamoja na jina la aliyeshona, kwa sababu jina la mpokeaji limo katika pindo, lakini la fundi halimo. Wengi wa mafundi hao ni bibi na shangazi zetu ambao bado wako hai na wanaweza kuulizwa. Uhakiki unaokawia utavikuta vitambaa bila watu wake, na hapo hakuna atakayeweza kutuambia yule ndege wa kushoto alikuwa nani.